Boila la kuni la nje: maji hayapati moto, moshi unarudi, bomba linatema

Lushoto ikifika Juni, maji ya simtanki asubuhi yanauma vidole, na hali hiyo inakwenda hadi Agosti. Ndiyo sababu nyuma ya nyumba za wageni, mabweni na nyumba za familia kubwa utakuta boila la kuni: tangi la chuma la kuta mbili, moto katikati, maji kati ya kuta, dohani juu. Maji baridi yanaingia chini, ya moto yanatoka juu, na juu kabisa kuna bomba la kupumulia ambalo mdomo wake uko wazi siku zote. Baadhi wameongeza pampu ndogo ya kuzungusha maji. Wachache wamepitisha maji hayo kwenye mabomba ya kupasha vyumba.

Likianza kusumbua, wengi humkimbilia mchomeleaji. Huyo ndiye wa mwisho kuitwa. Matatizo mengi huanzia kwenye kuni, mengine huanzia kwenye maji, na chuma kwa kawaida kinaumia kwa sababu ya hayo mawili.

Kabla hujashika spana, jua boila lako ni la aina gani. Kuna lile ambalo maji yake ndiyo yanayofika bafuni. Kuna lile ambalo maji yake yanazunguka tu, na ya kuoga yanapashwa yakipita kwenye koili (bomba lililoviringwa) au tangi la pili. Dawa za kuzuia kutu zinaruhusiwa kwenye hilo la pili peke yake. La kwanza usitie dawa yoyote, kwa sababu watu wanayaogea maji hayo na wengine wanayapikia chai.

Moto unawaka, maji hayapati joto

Anza na kuni. Kuni mbichi hupikwa kwanza ndipo ziwake. Mti uliokatwa juzi unaweza kuwa na maji nusu ya uzito wake, na kuni ya boila inatakiwa ishuke chini ya asilimia 20. Piga hesabu ndogo: kupasha lita 300 kutoka nyuzi 15 hadi nyuzi 60 kunahitaji karibu kilowati-saa 16. Kilo moja ya kuni kavu ina kama kilowati-saa 4. Tuseme boila la kuchomelea mtaani linanasa asilimia 40 ya joto hilo. Basi utatumia kama kilo 10. Ukitumia mbichi, utapita kilo 20, na ndani ya kilo hizo 20 kuna lita 10 za maji. Ni ndoo nzima unayoichemsha na kuirusha angani kupitia dohani kabla hujaoga.

Kupima ni rahisi. Gonganisha vipande viwili: kavu hulia kwa sauti kali, mbichi hutoa mshindo mzito uliokufa. Ncha za kuni kavu zina nyufa, na gome linabanduka kwa kidole. Ukitaka uhakika, pima kipande kimoja kwenye mzani, kiweke juu ya dari ya jiko wiki mbili, kisha kipime tena. Kikipungua sana, kuni zako bado.

Ukungu wa milimani haukaushi kuni. Mvua za masika zinaanza Machi, kwa hiyo kuni za Juni zinatakiwa ziwe zimepasuliwa na kupangwa bandani kabla ya Januari na Februari, miezi yenye jua la kutosha. Pasua unene wa kiganja, inua kutoka ardhini juu ya matofali, ezeka juu, acha pande wazi upepo upite. Turubai lililofunikwa hadi chini linavundisha. Mkaratusi upasue ungali mbichi, maana ukishakauka shoka linadunda. Miwati ni kuni nzuri kuliko nyingi: mizito, inashika moto muda mrefu. Mgrivea unakauka upesi na kuisha upesi. Mabanzi ya paina kutoka viwanda vya mbao yanafaa kuwashia, lakini ukiyafanya chakula kikuu cha boila yataleta masizi mengi. Kuni za hifadhi ya msitu wa Magamba usiziguse. Nunua zenye kibali.

Kuni zikiwa sawa na maji bado ni vuguvugu, sababu ya pili ni masizi. Fungua mlango boila likiwa limepoa, ukwaruze ukuta kwa bisibisi bapa. Tabaka la milimita 3 linatosha kuzuia joto lisipite kwenda kwenye maji, na joto hilo linaishia dohanini. Kwangua kila wiki msimu wa baridi, hasa pembe za juu ambako mkono hauendi kwa hiari.

Sababu ya tatu: kilango cha hewa cha chini kimeachwa wazi moja kwa moja. Moto unanguruma, unapendeza macho, lakini joto linakimbia. Dohani ikiwa haishikiki hata kwa mbali huku ukuta wa boila ukiwa vuguvugu, punguza hewa hadi nusu moto ukishashika.

Ya nne inaonekana zaidi wakati wa mvua: bomba la maji ya moto limezikwa mtaroni bila kinga ya kutunza joto, au kinga imelowa. Pamba ya kioo ikilowa si kinga tena. Shika bomba linapotoka kwenye boila, kisha linapoingia nyumbani. Kwa umbali wa mita 10 tofauti ikiwa kubwa kiasi cha kuisikia kwa mkono, fukua. Bomba lipite ndani ya bomba kubwa la plastiki lililozibwa ncha zote mbili, na mtaro uwe na mteremko wa kutoa maji.

Ya tano haiwasumbui sana watu wa Lushoto, inawasumbua wa Tanga mjini. Mji umekaa kwenye eneo la mawe ya chokaa, jirani na mapango ya Amboni yaliyotoboka kwenye chokaa, na maji ya visima vyake yanaacha ukoko mweupe ndani ya boila kama ule wa kwenye birika. Dalili yake ni mlio wa kukwaruza au kuchemka huku maji ya juu yakiwa hayajafika nyuzi 60. Ukoko mwembamba unatoka kwa siki au asidi ya limau iliyoachwa ndani saa kadhaa boila likiwa baridi, kisha kusuuzwa mara tatu. Ukiwa mnene kama ganda la yai na zaidi, mwachie fundi. Asidi kali ya kusafishia vyoo isitumike kabisa: inakula chuma kabla ya kumaliza ukoko.

Moshi mzito na lami nyeusi mlangoni

Lami hiyo inayong'aa ni moshi uliokutana na ukuta wa baridi ukaganda. Chanzo cha kwanza, tena, ni kuni mbichi. Cha pili ni tabia ya kujaza boila usiku na kuziba hewa yote ili moto ulale hadi asubuhi. Hauwaki, hauzimiki, unafuka tu. Moto mdogo unaowaka wazi jioni kwa muda wa saa mbili unapasha maji vizuri kuliko rundo linalofuka usiku kucha. Tangi lililovikwa vizuri litatunza joto lenyewe.

Cha tatu kinawahusu wenye pampu na mabomba ya vyumbani. Maji yanayorudi kwenye boila yakiwa chini ya nyuzi 60, kuta za moto zinatoka jasho, na jasho hilo likichanganyika na moshi linakuwa asidi. Usiwashe pampu hadi maji ya boila yafike nyuzi 65 hivi. Kipimajoto cha kufunga kwenye bomba pamoja na kidhibiti joto kinachowasha pampu ni vifaa vidogo, na vinaongezea boila miaka.

Lami ikishakuwa nene inawaka. Utasikia mvumo kama wa lori linalopanda mlima na dohani itaanza kuwa nyekundu. Funga mlango, funga kilango cha hewa, ondoa kuni na kila kinachoweza kushika moto karibu, watoe watu waliomo ndani ikiwa dohani imegusana na paa. Usimwage maji dohanini: chuma kitapasuka na mvuke utakurudia usoni. Moto ukishika paa, ita Zimamoto kwa namba 114. Baada ya hapo boila lisiwashwe mpaka fundi akague viungo vyote vya dohani.

Moshi unarudi usoni ukifungua mlango

Fungua kizibo cha dohani (kibati cha kufungia njia ya moshi) kwanza, subiri nusu dakika, ndipo ufungue mlango, kidogo kidogo. Ikiendelea, safisha dohani kwa brashi ya waya kutoka juu. Kisha tazama urefu: mdomo wa dohani uzidi kwa angalau sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3, likiwemo paa la jirani. Viwiko viwili vya nyuzi 90 vinatosha kuua mvuto wa dohani fupi.

Kama moshi unatoka hata mlango ukiwa umefungwa, bana karatasi mlangoni, funga, uvute. Ikitoka bila kushikwa, kamba ya mlango imekufa. Nunua kamba ya kioo ya milimita 10 au 12 kulingana na mfereji. Nyufa za matofali ya chini ziba kwa udongo wa kichuguu uliopondwa na kuchanganywa na mchanga kidogo. Simenti ya kawaida inapasuka kwa moto.

Maji yanachemka, bomba la kupumulia linatema

Hapa usicheze. Tofautisha hali tatu.

Kudondoka kidogo wakati wa kupasha si ugonjwa. Maji yanavimba: lita 300 zikitoka nyuzi 15 hadi 90 zinaongezeka kama lita 10, na lazima ziende mahali. Kumwagika muda wote, hata boila likiwa baridi, maana yake bomba la kupumulia ni fupi; mdomo wake uwe angalau nusu mita juu ya usawa wa maji ya simtanki. Kutema kwa vishindo pamoja na mvuke ndiko kuchemka. Na ukiwa milimani usisubiri nyuzi 100: kwa mwinuko wa mji wa Lushoto, kama mita 1,400, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kidhibiti cha kuzuia kuchemka kilichopangwa nyuzi 95 kwa sababu kitabu kilisema hivyo kitachelewa. Panga 75 hadi 80.

Chanzo cha kawaida ni moto mkubwa wakati hakuna anayetumia maji, au umeme kukatika pampu ikiwa kazini. Funga kilango cha hewa na mlango. Fungua bomba la maji ya moto bafuni, ukihakikisha hakuna mtoto karibu: maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi kwa sekunde 5 tu, na haya yamezidi. Usifungue mlango kuvuta kuni nje. Hewa mpya itaamsha moto. Anayekatikiwa umeme mara kwa mara awe na tawi la bomba linalopanda kwenye tangi la juu, ili maji yazunguke yenyewe bila pampu.

Chanzo kibaya zaidi ni simtanki kukauka. Boila linabaki na maji kidogo, moto unaendelea, ukuta unawaka. Ukikuta boila halina maji na chuma ni cha moto, usifungulie maji baridi. Maji yakigeuka mvuke yanavimba zaidi ya mara 1,600, na bomba la kupumulia haliwezi kupitisha wingi huo kwa mara moja. Ziba hewa, rudi nyuma, liache lipoe lenyewe hadi kesho yake. Kabla ya kulijaza tena, fundi akague kuta.

Na kuna kosa linalofanywa kwa nia njema: mtu anaona bomba la kupumulia linadondosha, anafunga koki au anatia kizibo. Boila la kuta bapa halikujengwa kubeba shinikizo. Simtanki iliyo mita 5 juu yake tayari inasukuma kila mita ya mraba ya ukuta kwa uzito wa tani 5. Ukiongeza mvuke uliofungiwa, umetengeneza bomu. Kusiwe na valvu yoyote kwenye bomba hilo. Ukiona ukuta umevimba, hata kidogo, ukiweka rula na kuona mwanga chini yake, zima, usiwashe tena, ita mtengenezaji wa maboila. Ukuta uliovimba haunyooshwi kwa nyundo.

Boila lina moto, bombani ni baridi

Geti valvu (koki ya mpini wa kuzungusha) imefungwa nusu, au ulimi wake umekatika ndani huku mpini ukizunguka vizuri. Hilo la pili linawapotezea mafundi siku nzima. Badilisha kwa valvu yenye tufe la chuma ndani, ambayo mpini wake unakuonyesha ilipo.

Valvu zikiwa nzima, tafuta hewa. Bomba linalopanda, likashuka, likapanda tena lina nundu, na hewa inakaa pale kama mwenye nyumba. Bomba la moto lipande mfululizo, angalau sentimita 2 kwa kila mita, na kwenye kila kilele weka koki ndogo ya kutolea hewa. Ifungue hadi maji yatoke bila kukohoa.

Ikiwa simtanki ndiyo inayopata uvuguvugu badala ya bafu, joto linapanda kwa bomba la kuleta maji baridi. Bomba hilo lishuke chini ya mlango wa kuingilia boila, ndipo lipande kidogo kuingia. Mkunjo huo unazuia maji ya moto kurudi juu.

Pampu inalia, au imenyamaza

Mlio kama wa changarawe ni mapovu: pampu imefungwa juu ambako maji ni ya moto sana na hayana uzito juu yake. Ihamishie chini, kwenye bomba la kurudi. Ikinguruma bila kuzunguka, imeganda. Zima umeme kwenye swichi kuu, fungua skrubu kubwa ya katikati kwa mbele (maji kidogo yatatoka), ingiza bisibisi kwenye ncha ya mhimili, uzungushe hadi ulegee. Ikiendelea kugoma, ni kapasita au koili. Hapo ni kazi ya fundi umeme, hasa kwa kuwa maji na nyaya viko pamoja. Ukipigwa shoti ukigusa boila, hata ya kutekenya tu, usijaribu mara ya pili: kata umeme wote wa pampu na udai waya wa ardhini.

Maji mekundu, au kuna tone chini

Tone si lazima liwe tundu. Boila baridi likiwashwa asubuhi linatoka jasho kwa ndani na kutiririka hadi sakafuni. Paka majivu makavu mahali penye unyevu, pasha hadi nyuzi 60, tazama. Yakibaki makavu, lilikuwa jasho. Yakilowa tena, panavuja.

Maji ya chemchemi za Usambara yanatoka kwenye miamba isiyo na chokaa nyingi. Hayaachi ukoko, lakini pia hayaachi utando wa kulinda chuma, hivyo yanakwenda moja kwa moja kwenye kutu. Wekundu asubuhi unaoisha baada ya ndoo moja ni wa kawaida kwa chuma cheusi. Fungua koki ya chini kila mwezi utoe matope. Wekundu usioisha unaashiria kuta zinaliwa. Angalia kama bomba la shaba limeunganishwa moja kwa moja na bomba la mabati: mabati yataoza pale kwenye kiungo. Weka kiungo cha brasi katikati.

Kwa upande wa moto, adui ni majivu yaliyolowa. Yakikutana na unyevu yanatoa maji makali yanayokula chuma, na ndiyo sababu boila nyingi zinatoboka chini kabisa, kwenye kona. Acha sentimita 2 au 3 tu za majivu wakati wa msimu. Yanayobaki yatoe kwa ndoo ya chuma yenye kifuniko, uiweke juu ya mawe siku tatu, kwa kuwa makaa hujificha humo. Baada ya hapo yapelekwe kwenye kabichi. Usichome plastiki, matairi wala nguzo zilizotiwa dawa. Moshi wake ni sumu kwako na asidi kwa chuma.

Kuhusu kuchomelea: toa maji yote, acha bomba la kupumulia na koki zote wazi, kisha gonga kwa nyundo ndogo kuzunguka tundu. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa kinasema kama kopo. Kiraka kikiwekwa juu ya kopo, kesho utakuwa na matundu mawili. Ikiwa sehemu iliyolegea inazidi upana wa viganja viwili, badilisha bamba zima, unene usipungue milimita 5.

Bomba limepinda kama mnyoo

Ni PVC ya kawaida, au bomba jeusi la shambani. Vyote vinalainika kabla boila halijafika nyuzi 80. Mita 2 za kwanza kutoka boila ziwe za chuma, kisha PPR (bomba la plastiki la maji ya moto) iliyoandikwa PN20, yenye mshikio kila sentimita 60 hadi 80.

Kichwa kinauma kwa anayelala karibu

Boila la nje linageuka la ndani mtu akilizungushia mabati kujikinga na upepo, kisha mlinzi akahamishia godoro humo. Kaboni monoksidi haina harufu. Kichwa kuuma, kichefuchefu, usingizi mzito: mtoe mtu nje, zima kwa kuziba hewa, mpeleke hospitali hata akisema nafuu imekuja. Banda liwe wazi pande mbili, na pasilaliwe.

Lililolala tangu Septemba limegoma kuwaka Juni

Ndege au nyigu wamejenga dohanini. Pitisha brashi kabla ya kiberiti, na uvae kinga ya uso. Majivu ya mwaka jana yameganda kama jiwe kwenye wavu wa chini, yavunje kwa nondo. Pampu imeshikwa na kutu, izungushe kama ilivyoelezwa. Jaza maji hadi bomba la kupumulia liache kutoa hewa, kisha moto wa kwanza uwe wa vijiti tu kwa saa nzima, ukizungukia kila kiungo kwa tochi.